Uhakiki wa Kipimo cha Muda katika Uchanganuzi wa Vitenzi vya Kizigua na Kisambaa

Rasimu ya kwanza ya tasnifu hii ilidai kwamba programu iliyotumika huchukua muda mrefu zaidi kuchanganua vitenzi vya Kizigua kuliko vya Kisambaa, ikahitimisha kuwa unyambuaji wa Kizigua ni mzito zaidi. Dai hilo limeondolewa. Kosa halikuwa la lugha bali la saa.

Matini za Kizigua zilichanganuliwa Handeni, kompyuta ikitumia betri. Za Kisambaa zilichanganuliwa Korogwe, kompyuta ileile ikiwa kwenye umeme. Kompyuta mpakato nyingi hupunguza kasi ya prosesa zinapotegemea betri. Kilicholinganishwa, basi, kilikuwa vyanzo viwili vya nishati, na tofauti iliyopatikana haikustahili kupewa maelezo ya kiisimu.

Kosa la pili ni la msingi zaidi. Fanksheni ya uchanganuzi ilipimwa kwa time.time() ya Python. Kiswahili hutenganisha wakati na muda: wakati hujibu swali la lini, muda hujibu swali la kiasi gani. time.time() hutoa wakati, yaani sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970, nao huweza kusahihishwa kompyuta inapopata intaneti. Iliporejea mtandaoni katikati ya upimaji, saa yake ilirudi nyuma, na jedwali likaonesha fanksheni iliyomalizika kabla ya kuanza. (Mtafiti aliufuta mstari huo akidhani ni kosa la uchapaji, kumbe ndio uliosema kweli kuhusu kipimo chenyewe.) perf_counter(), iliyoingizwa katika Python 3.3 mwaka 2012, haifungamani na tarehe. Thamani yake moja haina maana mpaka itolewe katika nyingine; inachopima ni muda.

Aidha, kupima mara moja hakutoshi. Moduli ya timeit huirudia fanksheni, na mwongozo wa Python unashauri kutazama thamani ndogo kabisa badala ya wastani, kwa kuwa zile kubwa kwa kawaida husababishwa na programu nyingine zinazoingilia. Ushauri huo haukubaliki hapa bila sharti. Programu yetu huhifadhi majibu ya maneno iliyokwisha kuyachanganua. Marudio ya pili, ambayo ndiyo ya haraka zaidi, hupima kumbukumbu badala ya uchanganuzi. Kwa hiyo majibu yaliyohifadhiwa yalifutwa kabla ya kila marudio.

Upimaji mpya ulifanyika kwenye umeme, vitenzi vya lugha zote mbili vikipokezana. Tofauti kati ya lugha hizo ilikuwa ndogo kuliko tofauti kati ya marudio ya lugha moja. Jedwali la awali limebakizwa katika kiambatisho, pamoja na mstari uliofutwa.