Gugu la Kayongo na Tuzo za Stockholm

Mkulima wa Uriri, magharibi mwa Kenya, anapoliona ua la zambarau la kayongo, amechelewa: mahindi yameshanyonywa chini kwa chini. Mbegu za gugu hilo ni laini kama vumbi, mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu, na hukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikisubiri mzizi upite karibu.

Kinga yake inadai mikono. Katikati ya mistari ya mahindi huchorwa mfereji kwa kijiti, kina cha sentimita moja au mbili, na mbegu za desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, ambazo zimechanganywa na mchanga au mbolea zisirundikane, hufukiwa juujuu. Pembeni, kuzunguka shamba zima, hupandwa nyasi za napia mistari mitatu. Wiki za kwanza ndizo za kumjua fundi. Miche ya desmodiamu huchelewa kukua, na jembe la mwenye haraka huing'oa pamoja na magugu. Mwenye subira huinama akapalilia kwa vidole, mche kwa mche, hata jirani akimcheka kwamba anabembeleza majani.

Njia hii, Vuta Sukuma, ilianza miaka ya 1990 katika kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, kule Mbita, Homa Bay, kwa kazi ya Zeyaur Khan na wenzake, pamoja na John Pickett wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza. Shabaha ilikuwa funza wa mabua. Harufu ya desmodiamu humfukuza nondo anayewazaa. Napia humvuta, akataga huko, na funza wengi wakafia kwenye utomvu wake. Kayongo halikuwa kwenye hesabu. Lakini penye desmodiamu likawa linatoweka, ndipo watafiti wakageukia mizizi: humwaga kemikali zinazoamsha mbegu za kayongo, na nyingine zinazozizuia kushika mahindi. Zinaota, zinakufa.

Wapo wanaosema huu ni ufundi tu, na tuzo kubwa, kama zile za Nobel za Stockholm, ni za wanaogundua kanuni. Wosia wa Alfred Nobel wa 1895 hauwaungi mkono: kwenye fizikia unataja ugunduzi au uvumbuzi, na mwaka 1912 alituzwa Gustaf Dalén kwa vidhibiti vya gesi vya taa za kuongozea meli. Kilimo ndicho hakina fungu. Norman Borlaug, mtaalamu wa ngano, ilibidi apewe ya amani, 1970. Baadaye akaanzisha Tuzo ya Chakula Duniani, ambayo Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia, aliipata 2009 kwa mtama unaostahimili gugu hilihili.

Kwangu Vuta Sukuma inastahili kiti cha mbele, maana hapa kanuni ilipatikana kwa kufuata nyuma ya jembe. Shida ni majina. Nobel ya sayansi haizidi watu watatu, na njia hii ingebaki mbegu za bei ghali ndani ya pakiti kama si wale wapaliliaji, wengi wao akina mama, waliokubali kuchekwa msimu mzima.