Mateka Asiyejijua: Hadithi ya Condon na Majaribio ya Kutawala Akili

Richard Condon alitoa kitabu chake The Manchurian Candidate mwaka 1959. Sajini Raymond Shaw atekwa na kikosi chake katika vita vya Korea, apelekwa Manchuria, na huko mtaalamu aitwaye Yen Lo amgeuza kuwa chombo. Arudipo kwao avikwa nishani ya ushujaa. Lakini kila aonapo malkia wa uru katika karata, hutii amri yo yote, hata ya kuua, kisha asikumbuke neno. Mwenye kumwamrisha ni mama yake mzazi. John Frankenheimer aliifanya hadithi hii sinema mwaka 1962, na tangu hapo watu wengi wameijua hata bila kukifungua kitabu.

Kitabu hicho kilipotoka, umma wa Marekani haukujua kwamba swali lake lilikwisha kuulizwa katika ofisi za serikali yao wenyewe. Tarehe 13 Aprili 1953 Allen Dulles, mkurugenzi wa CIA, aliidhinisha mpango wa siri ulioitwa MKULTRA, ukasimamiwa na mkemia Sidney Gottlieb. Miradi yake midogo ilifikia 149, nayo ilifanywa katika taasisi 80 hivi: vyuo vikuu, hospitali, magereza na makampuni ya dawa. Katika mpango mwingine, ARTICHOKE, maofisa waliandika mapema mwaka 1954 wakiuliza iwapo mtu aweza kufanywa aue pasipo hiari yake. Condon aliiweka kazi hiyo mikononi mwa Wachina na Warusi, nasi hatuwezi kumlaumu kwa hilo. Kosa lake ni jingine, nalo ni la kisanaa.

Yen Lo wake hashindwi. Sayansi yake ni kamili kama uganga wa hekaya, na msomaji hana la kufanya ila kustaajabu. Hali halisi haikuwa hivyo. Dawa ya LSD, ambayo Gottlieb aliitumainia sana, haikutabirika hata kidogo. Mwezi Novemba 1953 mtumishi wa jeshi, Frank Olson, alitiliwa dawa hiyo katika kinywaji bila kujua. Siku tisa baadaye alianguka kutoka dirisha la hoteli mjini New York akafa. Jamaa zake hawakuambiwa habari ya dawa hadi mwaka 1975. Hapa hapana mtumwa anayetii karata. Pana mtu aliyeharibiwa, na wenye kumharibu hawakujua wanalolifanya.

Inafaa tulitazame neno lenyewe. Kiingereza kilipata msemo wa kuosha ubongo kutoka Kichina, ukaenezwa na mwandishi wa magazeti Edward Hunter tangu mwaka 1950. Msemo huo wadai kwamba akili ni kama sahani: yasafishwa, kisha yapakuliwa chakula kipya. Kiswahili chasema mtu ametiwa kasumba, na kasumba asili yake ni afyuni. Neno letu halisemi lo lote juu ya usafi. Lasema sumu, mazoea, na ulevi usiokwisha upesi. Kwa maoni yangu neno hili lakaribia ukweli wa MKULTRA kuliko lile la Hunter, na aliyeufikia ukweli huo katika fasihi si Condon bali Ken Kesey.

Kesey alijitolea kwa malipo kupewa dawa katika hospitali ya askari wastaafu huko Menlo Park, California, katika majaribio yaliyogharimiwa na CIA kwa siri. Baadaye alifanya kazi ya usiku humo humo. Kitabu chake, One Flew Over the Cuckoo's Nest, kilitoka mwaka 1962. Ndani yake hamna jasusi hata mmoja. Mna wodi, vidonge, mashine ya umeme, na muuguzi mpole wa sauti. McMurphy apasuliwa ubongo, na matokeo yake si muuaji hodari, ni mwili usio na mtu. Msomaji ajuaye habari za Montreal hawezi kuupita ukurasa huo upesi. Huko Dk. Ewen Cameron, akisaidiwa na fedha za CIA tangu mwaka 1957, aliwalaza wagonjwa kwa dawa majuma mengi, akawapiga umeme, akawasikilizisha maneno yale yale kutoka kanda mara maelfu. Wengine walimwendea kwa hofu tu au huzuni ya uzazi. Mwaka 1988 serikali ya Marekani ililipa dola 750,000 kwa wachache wao walioishtaki.

Mwaka 1973 Richard Helms, mkurugenzi wa wakati huo, aliamuru hati za MKULTRA ziharibiwe. Kurasa 20,000 hivi zilisalia, hasa za hesabu za fedha, zikaonekana mwaka 1977. John Marks alipozitumia kuandika historia mwaka 1979, jina la kitabu chake alilikopa kwa Condon. Hivyo historia yenyewe ilikuja kwa watu ikiwa imevaa vazi la hadithi, na wasomaji wakaendelea kumtafuta Shaw ambaye hakuwapo, badala ya wagonjwa waliokuwapo.

Atakayetaka kufasiri kimoja cha vitabu hivi kwa Kiswahili, ningemshauri achague cha Kesey. Ugumu wake utakuwa katika sauti ya msimulizi, Bromden, ambaye miaka mingi amejifanya bubu na kiziwi, kwa hiyo madaktari husema lo lote mbele yake.