"Malaika" na Sikio la Mshabiki

Wapo wahakiki wanaodai kuwa hukumu ya mshabiki juu ya wimbo wa zamani uliotolewa tena kwa mpangilio mpya ni mapenzi matupu, wala si uhakiki. "Malaika" unakanusha dai hilo. Fadhili William aliurekodi na Jambo Boys, kisha akaurudia 1963. Miriam Makeba na Harry Belafonte wakautoa 1965, na Boney M. 1981. Hata utunzi wake una mgogoro, kwani Adam Salim naye hutajwa kuwa mtunzi. Hivyo, anayeshikilia "asili" hushikilia toleo mojawapo tu, kama ilivyo katika fasihi simulizi.

Hata hivyo, uhuru wa fani una mpaka. Nafsineni ni kijana mkata asiyeweza kumwoa ampendaye. Mjini Isiolo, ambako Waborana, Wasamburu na Waturkana wanaijua mahari ya mifugo, unyonge huo hauhitaji ufafanuzi. Mdundo wa kuchezeka wa Boney M. unaugeuza kuwa sherehe. Mshabiki anayelalamika hapo hatetei ukale, bali maana. Ala na zibadilike, mradi kilio kisikike.