Mlima na Bonde katika Historia ya Kanisa Wilayani Kilosa

Vitabu vinavyoeleza habari za kanisa katika wilaya ya Kilosa si vingi, na kile kinachojulikana zaidi katika vyuo vikuu hakikuandikwa kwa ajili ya waumini. Ni Colonial Evangelism cha T. O. Beidelman, Mmarekani aliyeanza uchunguzi wake Ukaguru mwaka 1957, nacho kilitolewa mwaka 1982. Hoja yake ni kali: katika wakoloni wote mmisioni ndiye aliyetamani makubwa kuliko wenziwe. Bwana shauri alitaka kodi na utii, mfanyabiashara alitaka faida, bali mmisioni aliitaka nafsi ya mtu.

Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Chama cha misheni cha CMS kilijenga Mamboya, katika milima ya Ukaguru, karibu na mwaka 1880, na kwa miaka mingi habari zake zilisimuliwa kama habari za mashujaa watupu. Beidelman aliwavua joho la ushujaa. Aliwaonyesha kuwa watu wa kawaida, wenye hofu zao na ugomvi wao, waliokataza pombe na ngoma pasipo kuuliza sana vitu hivyo vilikuwa na maana gani kwa wenyewe.

Lakini kitabu kina upungufu mkubwa. Mtungaji asema wazi kwamba shabaha yake ni Wazungu, wala si haki kumlaumu kwa kutimiza aliloliahidi. Hata hivyo msomaji hukifunga akiwa amejua tabia za wamisioni kuliko sala za waliobatizwa. Mkaguru aliyeongoka aonekana, kwa sehemu kubwa, kama mtu aliyefuata shule na kazi. Yamkini wengi walikuwa hivyo. Lakini katika vita vya 1914–1918 Wajerumani waliwatia kizuizini wamisioni wa Kiingereza, na walimu wa dini Waafrika nao wakafungwa na kuteswa. Mtu aliyekuwa akitafuta kazi tu angaliikana dini siku ile. Na ilipoundwa Dayosisi ya Morogoro mwaka 1965, askofu wake wa kwanza, Gresford Chitemo, alikuwa mtu wa uamsho, yaani wa imani ile iliyoungamwa hadharani kwa machozi. Hilo halielezeki kwa hesabu ya mishahara.

Elisabeth Knox, katika Signal on the Mountain (1991), aliwaandika wamisioni haohao kwa moyo wa upole zaidi, ila amekoma kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Basi mkali na mpole wote wawili wamebaki mlimani.

Bondeni mambo yalikwenda njia nyingine. Reli ya Kati ilifika Kilosa kabla ya vita hiyo; mashamba ya mkonge yakavuta wafanyakazi kutoka mbali, na miongoni mwao walikuwamo Wakristo waliobatizwa kwingine, waliokuja kukaa jirani na Waislamu wengi wa mji ule. Kusini zaidi, Mikumi ilikua kwa barabara ya Iringa na kwa reli iendayo Kidatu. Hospitali ya Wakatoliki ya hapo yaitwa kwa jina la Kizito, kijana wa Uganda aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1964, mwaka uleule ilipoanzishwa mbuga ya taifa ya Mikumi. Jina hilo pekee lingemtosha mwandishi wa historia kuanzia sura: kanisa la bondeni lilijiombea kwa mtakatifu wa Kiafrika.

Habari za mahali kama hapo hazipatikani kwa wingi katika barua zilizopelekwa London. Zimo katika vitabu vya wabatizwa, ambamo jina la mtoto huandikwa pamoja na ya wazazi na wasimamizi wake, na katika vichwa vya wazee. Vitabu huliwa na mchwa, na wazee hupungua kila mwaka. Mtafiti wa Mikumi hana budi kuanza na hao, tena awahoji kwa Kiswahili, kwani ndiyo lugha ambayo Mvidunda, Msagara na mgeni wa reli waliweza kuimba na kusali pamoja.