Ursini wa bahari na memwari zetu za mto

Wenzangu wa muungano, leo nataka kukosoa kitu ambacho wengi wetu tulikipita bila kuuliza: ile sura ya uchafuzi katika kozi ya ekolojia. Muliosoma agronomia munaikumbuka. Mfano wake mkubwa ni ursini, yule mnyama mdogo wa bahari, wa mviringo, mwenye miiba kama nungunungu. Tuliandika kwenye daftari: uchafu wa pwani ukiongezeka, ursini hakui vizuri. Kwa hiyo ukimwona mdogo, bahari ni chafu. Mshale mmoja, tukapiga mstari chini yake, tukaenda mtihani.

Sisi wa Kasongo na Kabambare tuko mbali na bahari, na ursini hawezi kuishi kwetu hata akibebwa. Mwili wake hauna njia ya kusawazisha chumvi, njo maana hakuna hata aina moja yake inayoishi katika maji ya mto. Lakini siukosoi mfano huu juu ni wa mbali. Naukosoa juu ulifupishwa mpaka ukapotosha, na upotovu huo tunaubeba mpaka Luama.

Tuanze na ukweli wake. Ursini hutoa mayai na mbegu za kiume ndani ya maji yenyewe. Lava anaumbika humo humo, na baada ya siku mbili tatu hivi anakuwa na mifupa midogo ya chokaa. Shaba, zinki ao zebaki ikizidi katika maji, mifupa hiyo inapinda ao haitokei kabisa. Ndiyo sababu maabara nyingi duniani zinamtumia kupima sumu: wanahesabu lava waliopinda, wanalinganisha na wale waliokuzwa katika maji safi. Hapo mshale unasimama vizuri, kwa sababu mambo mengine yote yamewekwa sawa.

Ursini mkubwa ni habari nyingine. Yeye anakula mwani. Maji ya vyoo na mbolea yakimwagika pwani, mwani unaweza kuongezeka, naye akapata chakula zaidi. Uchafu unaodhuru mtoto unaweza kunenepesha mzazi. Tena, ursini wakijaa pahali pamoja, chakula kinapungua na wanabaki wadogo hata kama maji ni safi. Ukimpima kwa rula tu, hujui umepima sumu ao njaa.

Pwani ya Kenya inatupa somo kubwa zaidi. Tangu miaka ya 1980, Tim McClanahan na Nyawira Muthiga wamechunguza miamba ya matumbawe kule. Pahali watu wanapovua sana, ursini walizidi; katika hifadhi kama ile ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968, walibaki wachache. Maelezo yao yalikuwa ya uvuvi: wavuvi wameondoa samaki wanaokula ursini. Mtu wa mshale mmoja angefika pale, angeona ursini wengi, angesema bahari iko na afya. Kumbe mwamba unamomonyoka chini ya meno yao.

Sasa turudi nyumbani. Kabambare iko na dhahabu, tangu Namoya mpaka kwenye vijito visivyo na jina kwenye ramani. Wachimbaji wanaosha udongo mtoni, na pale wanapotumia zebaki kukamata dhahabu, sehemu yake inaishia majini. Memwari yangu ilifuata mshale uleule wa darasani. Nilienda kwenye kijito kimoja chini ya machimbo, nikakuta samaki wachache na wadogo, nikaandika: zebaki. Juri ikafurahi, nikapewa alama nzuri.

Lakini sikupima zebaki. Sikupanda juu ya machimbo kuona samaki wa kule wako namna gani. Sikuuliza habari za vyandarua vya mbu ambavyo watu wanavulia hata samaki watoto. Na tope peke yake linaweza kuziba matamvua na kufunika mayai, bila tone la zebaki. Baadaye mama mmoja anayeuza samaki akaniuliza: “Agronomu, sasa tuwape watoto hawa samaki ao tuache?” Nilikuwa na memwari nzima, sikuwa na jibu.

Na mshale unadanganya upande wa pili pia. Zebaki ikigeuka ndani ya maji inaingia katika nyama ya samaki, na samaki mkubwa anayekula wenzake anabeba kuliko wadogo. Kule Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, watu waliumia kwa kula samaki wa ghuba yao. Kwa hiyo yule samaki mnene tunayemgombania sokoni anaweza kuwa ndiye mbaya zaidi. Udogo hauthibitishi sumu, na unene haumtakasi mtu yeyote.

Wengine watasema: mwanafunzi anahitaji mfano mwepesi, na maabara ni ghali. Nakubali. Lakini kulinganisha juu na chini ya machimbo, mwezi mmoja, kwa wavu wa aina moja, haiombi maabara. Kugeuza mawe na kuhesabu wadudu wa majini haiombi maabara. Kuuliza nani anavua, na anavua kwa nini, inaomba miguu tu. Na kama hela ya kupima zebaki haipo, tuandike tulichokiona: tope. Memwari isiyopima zebaki isiweke zebaki kwenye kichwa chake.

Wachimbaji ni kaka zetu, wauza samaki ni mama zetu. Tukisema uongo juu ya mto, kaka watatucheka na watakuwa na haki, na siku tutakapokuwa na ukweli hawatatusikiliza. Yule mama bado anangojea. Safari hii napanda kwanza juu ya machimbo.