Visikizi vya Bei Nafuu

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa visikizi vya masikioni methali hii haitoshi, kwani hapa Ndungu vizuri na vibaya hutembezwa pamoja, mkononi mwa mmachinga mmoja. Hapana budi mnunuzi apime mwenyewe.

Vijana husifu vyenye besi nzito. Mimi naviona na kasoro. Besi ikizidi hufunika sauti ya msemaji, na herufi kama f na s, zenye mlio mwembamba, humezwa kwanza. Nasi wazee ndio mlio huo unaotutoroka mapema. Basi msikilizaji huongeza sauti ili apate neno, na hapo bei nafuu hugeuka ghali. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2019 kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Chembe za kusikia zikifa hazioti tena.

Kipimo changu ni cha darasani. Nasa katika simu sauti ya mwenzako akitamka "fumbua" na "sumbua", punguza sauti, kisha sikiliza. Maneno yakifanana, rudisha.

Tazama pia waya unapoingia kwenye plagi, maana hapo ndipo hukatika. Wala usiudharau waya: katika simu nyingi ndogo zenye redio, ndio antena.

Kisikizi kisichonipa neno, hata nikipewa bure, kimenipunja.