Chuo Kikuu cha Kisangani na Mto Wake

Wengi hukipima Chuo Kikuu cha Kisangani kwa wingi wa wanafunzi. Sisi twauliza kwanza: kimeongozwa na nani, na kutoka wapi?

Ndugu zetu Waprotestanti walikianzisha mwaka 1963 (sisi Wakatoliki tulikuwa na Lovanium tangu 1954). Mwaka uliofuata maasi ya Simba yakakikimbiza hadi Léopoldville. Kisha, mwaka 1971, serikali ya Mobutu ikaviunganisha vyuo vikuu vyote vitatu kuwa kimoja, amri zote zikatoka Kinshasa, mbali sana kwa meli ya mto. Twasema wazi: chuo hakikui hivyo. Uhuru wake kilirudishiwa mwaka 1981.

Tunda lake jema twaliona mtoni. Mwaka 2010 wataalamu wake, pamoja na Wabelgiji na wengine, walishuka Mto Kongo wakichunguza samaki, miti na wadudu. Safari hiyo iliitwa kwa Kilingala Boyekoli Ebale Congo. Hiyo ndiyo elimu ya mahali petu hasa! Lakini wanaomteua rekta wako Kinshasa hata leo, na fedha nyingi za safari ile zilitoka Ubelgiji. Basi safari ya pili ataigharimia nani?